Nilifunga tairi za 72,000, na siku hiyo hiyo karibu niue mtu

Wasee, hii siyo ile video mliona. Ile video ina dakika moja na sekunde kumi na mbili, muziki uko juu, gari imeng'ara, na mimi nakaa mtu anayejua anachofanya. Wengi mliipenda. Wengine mliuliza bei, wengine duka. Halafu kuna mmoja aliniandikia inboksi saa tano usiku: "Buda, mimi pia nimefunga zangu leo. Saa hii natoka nazo Kaptagat Road nione kama zinashika."

Huyo ndiye amefanya niandike hii. Nilimpigia simu mara nne ndiyo akashika. Sitawaambia nilimwambia nini juu nilikuwa napiga kelele tu, lakini alirudi nyumbani.

Shida ni kwamba kwa ile video nilikata sekunde 14. Kwa hizo sekunde 14, fundi aliyenifungia tairi amejipangusa mikono na kitambaa na anasema, polepole sana, venye huwa anaongea, "Sasa hizi usizikimbize. Enda nazo taratibu siku kadhaa, zijue barabara kwanza." Niliona zinarefusha video. Mzee anaongea pole, hakuna mlio wa injini, watu watapita. Nikakata. Saa mbili baadaye nikajua kile nilichokata.

Nianze na gari. Ni Subaru Impreza WRX ya 2004, ile wagoni, namba za KBP. Niliichukua kwa binamu yangu alipoenda Qatar, nikamlipa kwa mafungu, na fungu la mwisho bado anangoja, kwa hivyo kama unasoma hii, boss, iko njiani. Ukikulia Eldoret hauhitaji kuelezwa Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza 1997, Richard Burns akashinda na Impreza 2000, na mimi wakati huo sikuwa hata nimezaliwa, lakini kwetu hizo hadithi zinasimuliwa kama za ukoo. Safari iliporudi kwa mashindano ya dunia 2021 huko Naivasha, baada ya miaka 19, nilikuwa bado shule na nilitoroka kwenda kutazama kwa TV ya kibanda. Hapo ndipo ugonjwa ulishika.

Gari ilikuja na tairi ambazo sikuwahi kuziangalia. Zilikuwa na meno mengi, nikajua ziko sawa. Mwaka mzima na nusu nilizunguka nazo nikishangaa kwa nini mchana wa jua gari inayumba kwa kona kama inatembea juu ya chapati. Siku moja nikiwa naosha gari nikasoma pembeni: STUDLESS, na kando yake mchoro wa mlima wenye nyota ya theluji. Kumbe ni tairi za barafu. Japani wanazifunga wakati wa baridi kali, zikichakaa kidogo zinatolewa, na nyingine zinatua huku kwetu kama tairi za mitumba za ex-Japan, bado ziko na meno, bei poa. Mpira wake ni mlaini sana ili ufanye kazi kwa baridi ya chini ya sifuri, na kila jino limekatwakatwa vipande vyembamba vya kuuma theluji. Sasa wewe unazipeleka kwa lami ya Uganda Road saa nane mchana. Eldoret kuna baridi, sikatai, asubuhi unaweza kupumua moshi, lakini theluji hatujafika. Nenda uangalie zako leo. Sifanyi mzaha.

Pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu kidogo. Nilipata kazi moja ya matangazo, miezi mitatu ya video, na mwisho wake ikaingia 92,000 kwa simu. Sijawahi kuona namba hiyo kwa simu yangu. Wenye mnanifuata tangu zamani mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Siyo hadithi ya ati mimi ni jiniasi na darasa lilikuwa dogo kwangu. Karo ilichelewa, nikakosa mtihani, nikaona aibu kurudi, na wakati huo huo video zikaanza kuingiza vijisenti. Aibu na vijisenti vikikutana, mtu hawezi kurudi darasani. Deni la karo lilibaki 41,000. Mathe anauza mitumba ya watoto sokoni, na hajawahi kuacha kuniuliza kuhusu hiyo 41,000. Hapigi kelele. Anauliza tu, kama mtu anayeuliza kama umefunga mlango.

Kwa hivyo 92,000 ilipoingia nilijua hesabu. Hesabu haikuwa ngumu. Nikaenda kununua tairi.

Kuna watu watasema ungenunua mbili sasa, mbili baadaye. Kwa gari nyingine ya kawaida inayovutwa na tairi mbili, labda. Kwa hii, hapana. Impreza inasukuma tairi zote nne, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukifunga mbili mpya na mbili zilizoisha, mpya ni kubwa kidogo, ile kuukuu ni ndogo kidogo, kwa hivyo moja inazunguka mara nyingi kuliko nyingine kila kilomita. Hiyo difu inadhani uko kwa matope na tairi inateleza, inafanya kazi bila kupumzika, inapata joto, mwisho inakufa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi karibu milimita sita. Sita! Ni kama unene wa penseli. Difu ikienda hapo utalia kilio kikubwa kuliko cha tairi mbili.

Nikatafuta saizi 215/45R17. Duka la kwanza waliniletea "mpya kabisa", ziko na karatasi zake. Nikainama kuangalia tarehe. Kwa ubavu wa kila tairi kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 3124 hiyo imetoka kiwandani wiki ya 31 mwaka 2024. Hizo zilikuwa na miaka sita zimekaa tu stoo. Hazijaguswa barabara, ni kweli, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Jamaa akaniambia, "Lakini meno si unaona ni mapya?" Nikamwambia asante, nikaenda duka lingine. Huko nikapata nne zilizotoka kiwandani mwaka huo huo, 18,000 kila moja. Za Japani. Jina sitaji juu hawajanilipa.

Nilimpelekea fundi mmoja mwenye kibanda karibu na mto Sosiani. Zamani alikuwa akihudumia magari ya rally, na ana tabia moja ambayo nilidhani ni ya kizee: akimaliza kufunga tairi kwa rimu, anachukua chaki na kuchora mstari mmoja unaoanzia kwa rimu ukapanda hadi kwa tairi. Mstari mmoja kila gurudumu. Nilimuuliza ni wa nini. Akasema, "Utaona." Niliacha hiyo kwa video juu ilikaa poa.

Hapo kibandani nilijifunza pia kwamba macho yako ndiyo mashine ya mwisho. Kijana anayemsaidia alikuwa ameweka tairi moja kinyume. Hizi za kukimbia nyingi huwa upande wa nje na wa ndani haufanani: nje kuna vipande vikubwa vya kushika kona, ndani kuna mifereji ya kutoa maji. Imeandikwa kabisa OUTSIDE. Nyingine zinakuwa na mshale wa kuonyesha zinazunguka kwenda wapi. Nikaona maandishi ya OUTSIDE yanaangalia mimi kwa tatu, na ya nne hayapo. Fundi hakumgombeza kijana. Alimwambia tu, "Toa, rudia," na kijana akarudia. Halafu balansi, halafu nati tano za kila gurudumu zikakazwa kwa mpangilio wa nyota, si kwa kuzunguka, na ya mwisho kwa mkono badala ya ile bunduki ya upepo. Akaniambia nirudi baada ya kilomita kama mia zikazwe tena. Kisha zile sekunde 14.

Nikatoka.

Ilikuwa saa tisa na nusu, na mnajua Eldoret saa tisa na nusu. Ilikuwa imenyesha kidogo, siyo mvua ya kusema ni mvua, ile ya kulowesha lami tu. Niko kwa barabara ya ndani huko Kapsoya, simu imebandikwa kwa kioo, inarekodi. Nilitaka ile kona moja ya kushoto. Ile ambayo kwa tairi za theluji gari ilikuwa inalalamika nikiipita na 40. Nilikuwa nimeshaandika kichwani maneno ya video: "Angalia sasa." Nikaingia na kitu kama 50, nikakata usukani, nikakanyaga mafuta.

Pua ya gari ilikataa kugeuka. Hiyo ndiyo njia pekee ya kuieleza. Usukani umekatwa wote, tairi za mbele zinaangalia kushoto, na gari inaenda mbele tu, pole, bila haraka, kama sufuria inayoteleza kwa meza yenye maji. Inavuka mstari wa katikati. Na upande ule mwingine anakuja mzee na bodaboda, mitungi miwili ya maziwa imening'inia huku na huku. Nilikanyaga breki, ABS ikaanza kugonga chini ya mguu, tatatata, na kwa muda ambao sijui ulikuwa sekunde ngapi hakuna kitu nilichofanya kilichobadilisha chochote.

Mzee ndiye alituokoa. Aliona kabla yangu. Alitupa pikipiki kwa murram pembeni, mguu chini, na mimi nikasimama nikiwa mita moja ndani ya upande wake. Yeye hakuanguka. Mtungi mmoja ulianguka, kifuniko kikatoka, na maziwa yakaanza kushuka na maji ya mvua.

Nilitoka nikiwa natetemeka. Nilisema pole sijui mara ngapi. Mzee aliinua mtungi kwanza. Akaangalia kilichobaki ndani. Kisha akaangalia gari, akaangalia kioo, akaona simu, ile taa nyekundu bado inawaka.

"Kijana," akasema, "ulikuwa unarekodi?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa maziwa, lita ishirini kwa shilingi sitini, 1,200. Nikataka kuongeza, akakataa. Alisema bei ya maziwa ni bei ya maziwa. Akafunga mtungi, akaenda. Sijui jina lake. Klipu iko, sekunde tisa, na sitaiposti, juu sura yake inaonekana vizuri na yeye hakuniomba umaarufu.

Nilirudi kwa fundi na 20 kwa saa, hazadi zinawaka kama nimebeba jeneza. Nikamwambia tairi ni feki, zinateleza. Hakunijibu. Alizunguka gari akiangalia zile chaki. Mbele kushoto, mstari wa rimu na mstari wa tairi havikuwa vinakutana tena. Vilikuwa vimeachana kwa vidole viwili.

"Nimepaka sabuni ili tairi iingie kwa rimu," akasema. "Sabuni bado haijakauka. Wewe umekanyaga mafuta na breki, rimu imezunguka ndani ya tairi." Kumbe ndiyo maana ya chaki. Na juu tairi imesogea, ile balansi aliyofanya imeharibika, vile vidude vya risasi sasa viko mahali si pake. Ndiyo sababu nilikuwa nimesikia usukani unatetemeka nikitoka Kapsoya, nikadhani ni mimi.

"Na kuteleza?"

Akaniuliza kama mama yangu huoka mkate. Nikasema keki, Krismasi. "Kopo la keki anapaka nini kabla ya kumwaga unga?"

"Blue Band."

"Basi tairi zako bado ziko na Blue Band."

Nimesoma baadaye, na mzee alikuwa sawa kabisa. Tairi inaivishwa kwa joto ndani ya kalibu ya chuma, na ili isigande huko ndani, kunapakwa dawa ya kuteleza. Inatoka imeiva, iking'aa, na hiyo dawa kidogo inabaki juu ya ngozi. Zaidi ya hiyo, ngozi yenyewe ya tairi mpya ni nyororo sana. Mpira unashika lami kwa kuingia kwa vishimo vidogo vidogo vya barabara, na ngozi nyororo haijakwaruzwa bado, haina cha kushikia. Halafu meno mapya ni marefu, yanapinda chini ya uzito wa gari kama nyasi ndefu, ndiyo maana usukani wa tairi mpya unahisi umechelewa kidogo. Ukiongeza maji juu ya hayo yote, umepata Kapsoya.

Dawa yake ni barabara tu. Karibu kilomita 300 za kuendesha kistaarabu: kuongeza mwendo pole, kufunga breki mapema, kona bila fujo, kuacha nafasi mara mbili ya ile umezoea. Mimi nimeona watu mtandaoni wanapangusa tairi mpya na petroli ati waondoe mafuta ya kiwandani. Tafadhali. Petroli inakula mpira, na unaweka sumu mahali pa maji na sabuni. Kuna wengine wanatoka fundi wanaenda moja kwa moja kuosha gari, na jamaa wa kuosha kwa roho safi anapuliza ile dawa ya kung'arisha tairi, anapuliza hadi kwa meno. Umelipa 200 uongezewe Blue Band. Ubavu ang'arishe, sawa. Pale panapogusa lami asiguse.

Ukitaka kuziendesha kwa mashindano ya mviringo kuna mambo mengine ya kuzipasha joto mara ya kwanza polepole, kisha kuziacha zipumzike siku nzima ili mpira ukae sawa. Lakini tusidanganyane, wengi wetu mviringo wetu ni stendi hadi Langas.

Fundi aliitoa ile ya mbele kushoto, akapangusa, akarudisha, akafanya balansi upya, akachora chaki tena. Hakunilipisha. Ningefurahi zaidi kama angenilipisha.

Sasa nilikuwa na tatizo. Kilomita 300 za kuendesha pole, na mimi sijiamini. Najijua. Nikiwa peke yangu, kilomita ya kumi na tano kuna mtu na Forester atanipita akipiga honi, na mguu wangu hauna adabu. Kwa hivyo nikampigia simu mathe, nikamwuliza kama bado anataka kwenda Iten kumwona dada yake.

Mathe ndiye spidi gavana. Matatu zilifungiwa spidi gavana za 80 na sheria za Michuki 2004, mathe alijifungia yake mwenyewe na ya kwake ni 60. Ikipita 60 anashika mlango. Ikifika 65 anaanza kuomba, na anaomba kwa Kikalenjin, na nikisikia hiyo najua ni serious.

Jumapili baada ya kanisa tukatoka. Kimumu, matuta, Marura, kisha ile barabara inayopanda kidogo kidogo kwenda Iten, wakimbiaji pembeni na jaketi za rangi zote, wengine wanaenda kasi kuliko sisi. Naapa kuna mmoja alituangalia. Sijawahi kuendesha Iten Road hivyo. Hizo kilomita 35 nilikuwa nazijua kama kona nane za kufurahisha na sehemu mbili za kupita malori. Na 60 kwa saa zinakuwa mashamba ya mahindi, na watoto wanauza viazi, na mathe ananionyesha mahali aliposhukia na baba yangu walipokuwa wachumba, mahali ambapo mimi nimepita mara mia moja nikiangalia rpm.

Tukirudi, baada ya chai na mursik nyingi kuliko tumbo, akauliza.

"Hizi gurudumu ni mpya?"

"Ni mpya, Mama."

"Ngapi?"

Ningeweza kusema ngapi ni nne. Nilifikiria hiyo, kweli. "Elfu sabini na mbili."

Hakusema kitu. Tulipita Moiben junction hajasema kitu. Kuna aina ya kimya cha mama ambayo inafanya hata redio ijisikie vibaya, nikazima redio. Nikamwambia kila kitu. Sijui kwa nini. 92,000, hesabu, duka, video, sekunde 14, mzee wa maziwa. Sikumwambia ilikuwa mita moja, nilisema mita tatu. Nikamwambia imebaki 20,000 pungufu kidogo, na kuna kazi nyingine mwezi wa kumi na mbili, na muhula wa Januari nitalipa deni nirudi.

"Huyo mzee," akasema, "alifika na mtungi mmoja?"

"Mmoja na ule mwingine ulibaki kidogo."

"Anapeleka wapi?"

"Sijui, Mama."

"Utamtafuta." Halikuwa swali. Kuhusu Januari hakusema chochote.

Jumatano alikuwa na mzigo wa kupeleka Kapsabet, nguo za watoto za mteja wake, na safari hii hakungoja nimwulize. Alikuja na gunia, akaliweka nyuma, akakaa mbele, akafunga mkanda. Tulienda poa. Nilisimama mahali nikakagua nati na wili spana, mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko, kama fundi alivyosema. Chaki zote nne zilikuwa zimenyooka. Presha nilikuwa nimepima asubuhi kabla ya kutoka, tairi zikiwa baridi, kwa namba za kile kibandiko cha mlango wa dereva, siyo zile za ubavuni mwa tairi. Zile za ubavuni ni kiwango cha juu kabisa, na kuna vijana wengi wanajaza hadi hapo halafu wanashangaa gari inaruka kama mbuzi.

Kurudi mvua ikatukuta. Hii sasa ilikuwa mvua, mvua ya Nandi, waipa haziwahi. Mbele yetu kuna lori la majani chai, na mimi nimeacha nafasi kubwa sana, hadi nyuma watu wananipigia taa. Lori likasimama. Halikupunguza, lilisimama, kuna ng'ombe alikuwa ameingia barabarani. Nikakanyaga.

Na gari ikasimama. Hivyo tu. Imenyooka, pua imeinama, hakuna tatatata ya miguuni, na kati yetu na lori nafasi ya kuweka gari nyingine mbili. Mathe mkono wake ulikuwa kwa dashibodi. Ng'ombe akavuka bila presha yoyote, lori likaondoka.

Akatoa mkono. "Januari tarehe ngapi?" akauliza.

"Wanafungua tarehe sita."

"Haya."

Tulifika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Nilipozima gari niliangalia kile kihesabu, kimesoma kilomita 218. Bado 82. Kesho anataka kwenda Turbo, ati kuna mtu anadaiwa.

Mzee wa maziwa bado sijampata. Kama unamjua mtu anayepitisha maziwa Kapsoya mchana na pikipiki nyekundu, mitungi miwili ya alumini na mmoja umebonyea upande, niandikie.